Kharsi ya Tende na Makadirio ya Faida: Kuusoma Waraka wa Markowitz kwa Jicho la Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad:

Katika maswali yanayoletwa kwa maimamu siku hizi, lipo moja ambalo walimu wetu hawakuulizwa. Mtu ana fedha zake za kiinua mgongo, au ni msimamizi wa mali ya mayatima, au ni nadhiri wa wakfu ambao nyumba zake zimeuzwa na thamani yake inatafutiwa pa kuwekwa. Huja na karatasi. Juu ya karatasi pamepangwa sehemu za mali: hisa za kampuni hizi fungu kadhaa, sukuk fungu kadhaa, majengo fungu kadhaa. Chini kabisa, kwa herufi nzito, pameandikwa "faida inayotarajiwa" na mbele yake ipo namba, tuseme asilimia 9 kwa mwaka. Imamu hutazama majina ya kampuni. Akiona hakuna pombe, hakuna nguruwe, hakuna benki ya riba, hujibu kuwa ni halali, na mtu huenda zake. Ile namba ya chini hakuna aliyeuliza imetoka wapi, nayo ndiyo iliyompeleka mtu yule kutia mali yake humo.

Makala hii ni juu ya namba hiyo. Nimeona ni bora nianze kwenye asili yake, kwani mwenye kutaka kuhukumu jambo huanza kwa kulijua. Asili ya upangaji huu ni waraka wa kurasa chache uliochapishwa Machi 1952 katika jarida la Marekani liitwalo Journal of Finance. Jina lake ni "Portfolio Selection", yaani uchaguzi wa kapu la uwekezaji. Mwandishi wake, Harry Markowitz, alikuwa kijana wa Chicago asiyefika miaka 25. Waraka ule ndio uliompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990, na alifariki mwaka 2023. Leo ni vigumu kumpata msimamizi wa fedha duniani, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, ambaye hakufundishwa yaliyomo humo.

Tuseme haki kwanza. Hoja kuu ya waraka ni nzuri, wala haigongani na sheria. Anasema kuwa mwekezaji hatazami faida peke yake, hutazama pia mtikisiko wa hiyo faida. Na kwamba hatari ya kitu kimoja haipimwi pekee bali hupimwa kwa jinsi kinavyokwenda na vingine. Mwenye maduka mawili ya kuuza miavuli ana biashara moja tu, lakini mwenye duka la miavuli na duka la barafu ana mbili. Haya wafanyabiashara wa mwambao waliyajua tangu zamani, walipogawa shehena zao katika majahazi mbalimbali. Yeye aliyatia katika hesabu.

Wapo wahadhiri wanaoitafutia hoja hii dalili katika wasia wa Nabii Yaaqub (a.s.) kwa wanawe, alipowataka wasiingie kwa mlango mmoja bali kwa milango mbalimbali. Sioni kuwa dalili hiyo inasimama. Wafasiri wengi wameeleza kuwa alichelea jicho la hasidi. Na wanaoitoa husahau kuwa Nabii Yaaqub, papo hapo, aliwaambia wanawe kuwa hawezi kuwafaa chochote mbele ya amri ya Allah. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ingewafaa zaidi wapangaji wa makapu.

Sasa tuje kwenye kasoro. Mwanzoni kabisa mwa waraka, Markowitz anagawa kazi katika hatua mbili. Ya kwanza huanza na uchunguzi na uzoefu, na huishia katika imani ya mtu juu ya mwenendo wa hisa siku za usoni. Ya pili huanza na imani hiyo, na huishia katika kuchagua kapu. Kisha anatamka waziwazi kuwa yeye anashughulika na hatua ya pili. Mwishoni anarudi kugusa ile ya kwanza, anapendekeza kwa kujaribia tu kwamba mtu anaweza kutumia wastani wa miaka iliyopita, na anaongeza kuwa anaamini njia bora zaidi zinaweza kupatikana.

Ndugu msomaji, tazama jengo lilivyojengwa. Hatua ya pili ina hesabu madhubuti kabisa, wala sina la kuipinga. Lakini yote imesimama juu ya namba ambazo mwenyewe alikiri hakuzishughulikia. Wenye elimu ya usuli watalitambua hili mara moja: ni kiyasi kilichopangwa sawasawa juu ya asili ambayo haijathibiti. Kanuni zote za kiyasi zinaweza kutimia, na hukumu ikawa batili, kwa kuwa hadithi iliyojengewa ni dhaifu. Mwandishi hakuficha hilo. Waliokuja baada yake ndio waliolichukua pendekezo la kujaribia wakalifanya msingi, wakafundisha hesabu na wakaacha lile tahadharisho.

Udhaifu wa asili hii ni wa kiasi gani? Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Chukua hisa ambazo kwa kawaida hupanda au hushuka kwa asilimia 20 kwa mwaka kuzunguka wastani wake. Hicho ni kiasi cha kawaida kwa masoko ya hisa. Una kumbukumbu ya miaka 25, na wastani umeuona kuwa asilimia 8. Wenye takwimu hupima kosa la wastani kwa kugawa ule mtikisiko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka: 20 kugawa kwa 5, ni 4. Na desturi yao ni kutazama mara mbili ya kosa hilo kila upande. Maana yake ni kwamba wastani wa kweli unaweza kuwa popote baina ya sifuri na 16. Robo karne ya kuandika bei kila siku, na bado hujui kama biashara ile ina faida ya kunenepesha au haina kitu! Ukitaka kupunguza kosa mpaka asilimia 1, utahitaji miaka 400. Tungekuwa tumeanza kuandika tangu Wareno wangali katika Ngome ya Mombasa.

Wala usidhani kuwa kuhesabu kila saa badala ya kila mwaka kutasaidia. Robert Merton alilionyesha hili mwaka 1980: kuandika bei mara nyingi zaidi hukujulisha vyema mtikisiko, lakini hakukujulishi wastani wa faida. Wastani hutegemea bei ya mwanzo, bei ya mwisho, na urefu wa muda baina yake.

Kisha lipo balaa lililo kubwa zaidi. Ile hesabu ya hatua ya pili, kazi yake ni kutafuta palipo na faida kubwa kwa hatari ndogo. Ukiipa namba zenye makosa, itakwenda moja kwa moja penye kosa kubwa. Hisa iliyopendelewa na bahati katika miaka uliyoichunguza itaonekana ndiyo bora, na hesabu itakuambia ujaze mali yako humo. Richard Michaud aliandika mwaka 1989 kuwa mashine hizi kwa hakika huyakuza makosa. Chopra na Ziemba walikadiria mwaka 1993 kuwa kosa katika faida inayotarajiwa hudhuru takriban mara 10 kuliko kosa la kiasi hicho hicho katika kupima mtikisiko. Na mwaka 2009 DeMiguel, Garlappi na Uppal walichukua njia 14 za kupanga kapu wakazilinganisha na njia ya mtu asiyejua chochote, anayegawa mali yake sawa kwa sawa. Hakuna hata moja iliyoishinda njia ya asiyejua kwa uthabiti. Walihesabu kuwa kwa kapu la vitu 25 tu, ingehitajika kumbukumbu ya miezi kama 3,000, ambayo ni miaka 250, ndipo hesabu ya kitaalamu iwe na hakika ya kushinda.

Na Markowitz mwenyewe? Alipoulizwa alivyopanga akiba yake ya uzeeni, alieleza kuwa aligawa nusu kwa nusu baina ya hisa na hatifungani. (Hatifungani hizo kwetu ni riba; ninachotaja hapa ni mgao.) Sheikh ambaye hafuati fatwa yake mwenyewe hutiliwa shaka, lakini nadhani katika hili matendo yake yalikuwa na fiqhi nyingi kuliko kitabu chake.

Baada ya kusikia hayo, wapo watakaosema: basi tuache kukadiria, kwani anayejua nafsi itachuma nini kesho ni Allah peke yake, kama ilivyo mwisho wa Suratu Luqman. Nimesikia khutba nzima ikijengwa juu ya hoja hiyo, ikiwaita wakadiriaji wote watabiri. Ni kosa vilevile. Aya inakanusha ujuzi wa hakika, haikanushi dhana. Na fiqhi imejaa hukumu zilizojengwa juu ya dhana yenye nguvu: mwenye kutafuta kibla jangwani, kadhi anayekadiria thamani ya kitu kilichoharibiwa, mume anayepangiwa nafaka ya mkewe kwa uwezo wake. Msimamizi wa mali ya yatima ambaye hakadirii chochote kabla ya kuingiza mali katika biashara hawezi kuitwa mcha Mungu kwa sababu hiyo, amepuuza amana. Basi kukadiria si tatizo. Linaloulizwa ni adabu na hukumu za makadirio, na kwa hilo wanachuoni wetu wana mlango mzima unaosomwa katika madrasa zetu haraka haraka, kwa kuwa huku kwetu hatuna mitende mingi. Mlango huo ni wa kharsi.

Kharsi ni kukadiria matunda yangali juu ya mti: mtu mjuzi anatazama mtende na kusema, hizi zikikauka zitakuwa wasq kadhaa. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (r.a.) kuwa katika safari ya Tabuk walipita Wadil Qura penye shamba la mwanamke mmoja. Mtume (s.a.w.) akawataka Masahaba wakadirie, naye akakadiria wasq 10. Kisha akamwagiza mwanamke yule ahesabu kitakachotoka. Waliporejea safari, alimuuliza shamba lake limetoa kiasi gani, akajibu wasq 10, kama alivyokadiria Mtume (s.a.w.).

Wengi huitaja hadithi hii kwa ajili ya usahihi wa kadirio, nayo ni katika alama za Utume. Mimi naomba tuangalie kitu kingine. Aliyekadiria ni yule asiyesema kwa matamanio yake, na bado aliagiza lihesabiwe, na aliporudi aliuliza. Kadirio halikuachwa lielee. Waulize leo wenye karatasi zile: mwaka juzi mliandika asilimia ngapi, na ilipatikana ngapi? Taasisi moja ambayo kijana wa darsa letu aliweka fedha zake huchapisha makadirio mapya kila mwaka kwa karatasi nzuri. Alipoomba yale ya miaka mitano iliyopita ayalinganishe, aliambiwa kuwa hayatunzwi.

Kisa cha pili ni cha Abdullah bin Rawaha (r.a.), aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukadiria tende za Khaybar, ambako Wayahudi walikuwa wakiihudumia mitende kwa nusu ya mazao. Hii ni karibu zaidi na mas'ala yetu, kwani ni ushirika wa mwenye mali na mwenye kazi. Imamu Malik katika Muwatta amepokea mambo mawili. La kwanza, walimkusanyia vito vya wake zao ili awapunguzie, akavikataa, akawaeleza kuwa hiyo ni rushwa, na kuwa chuki yake kwao haitamfanya awadhulumu. La pili, baada ya kukadiria aliwapa hiari: wakitaka wachukue wao matunda kwa kadirio hilo, na wakitaka wayaache achukue yeye.

Hiari hii ndiyo mizani ninayoiona kuwa bora kuliko zote. Anayekadiria kwa uadilifu yuko tayari kusimama upande wowote wa kadirio lake. Akizidisha, ataachiwa yeye. Akipunguza, watachukua wao. Basi mtu anayekuambia kapu hili litaleta asilimia 9, naye analipwa ada kwa ukubwa wa mali utakayoweka, iwe limeleta 9 au limekula mtaji, huyo hana sifa ya mkhirisi. Ana maslahi katika namba kuwa kubwa. Kwa istilahi ya makadhi, ni shahidi anayejivutia nafuu, na ushahidi wa namna hiyo hurudishwa hata kama mtu mwenyewe si mwongo.

Yupo atakayenirudishia kisa hicho hicho. Atasema: Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Ibn Rawaha alikadiria wasq 40,000, na Wayahudi walipochagua kuchukua matunda, wakawa wanadaiwa wasq 20,000. Basi kadirio liligeuka deni. Kwa nini benki isiahidi faida iliyokadiriwa na ikalazimika nayo? Hii ni hoja yenye nguvu, wala haifai kupitwa. Jawabu lake ni kwamba wanachuoni wamekhitalifiana juu ya kisa hiki chenyewe, na wapo waliosema kharsi ile ilikuwa kwa ajili ya kujua zaka na si kugawana. Lakini hata tukilichukua kwa dhahiri yake, matunda yalikuwepo juu ya miti, yamekwisha kuiva au kuanza kuiva, yanaonekana kwa macho. Na hiari ilikuwa ya pande zote mbili. Faida ya biashara ya mwaka ujao haipo juu ya mti wowote. Kuhusu faida ya namna hiyo Ibnul Mundhir amenukuu ijmai kuwa mudharaba hubatilika pale mmoja wao anaposhurutiziwa kiasi maalumu cha dirhamu. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva, kwa sababu aliyoitaja mwenyewe: Allah akiyazuia, muuzaji atakuwa amechukua mali ya ndugu yake kwa kitu gani?

Kwa hiyo kharsi imewekewa wakati wake, nao ni karibu na mavuno. Imewekewa pia upungufu wa makusudi. Katika hadithi ya Sahl bin Abi Hathma, iliyo katika Sunan, wakadiriaji wanaamrishwa waache theluthi, na wasipoacha theluthi waache robo. Isnadi yake imesemwa, lakini wengi wameifanyia kazi kwa namna moja au nyingine: huachwa kwa ajili ya wapita njia, ndege, upepo na vinavyooza. Sisemi kwamba kila kadirio la faida likatwe theluthi; hiyo ni hukumu ya zaka na haiburutwi kila mahali. Nasema kuwa mkadiriaji wa tende, aliyesimama chini ya mti, aliamrishwa kujishuku, na mkadiriaji wa miaka kumi ijayo huandika namba yenye desimali mbili.

Imamu Abu Hanifa na wafuasi wake, kama ijulikanavyo, hawakuikubali kharsi kuwa hujja inayolazimisha, wakasema ni dhana na kukisia. Jumhuri waliikubali. Nimekuwa nikisomesha mas'ala haya kwa miaka mingi nikiegemea jumhuri, na bado ninaegemea huko katika tende. Lakini katika soko la hisa naona hoja ya Mahanafi inaonyesha nguvu ambayo haikuonekana katika mitende.

Na wana hoja nyingine inayohusu zaidi jambo letu. Kutumia wastani wa zamani kwa ajili ya kesho ni aina ya istis-habu: kubakisha lililokuwa kama lilivyokuwa mpaka ipatikane dalili ya kubadilika. Mahanafi wengi wamesema istis-habu ni hujja ya kuzuia, si hujja ya kuthibitisha. Aliyepotea asijulikane alipo, uhai wake wa jana unazuia mali yake isigawanywe, lakini haumthibitishii haki mpya ya kumrithi mwingine. Chukua kanuni hii uitie kwenye karatasi ya mwekezaji. Historia ya soko inafaa kumzuia mtu: aonyeshwe kuwa soko hili liliwahi kupoteza nusu ya thamani, kwa hiyo asitie ada ya skuli ya watoto wake. Haifai kumthibitishia: kwamba lilileta 9, basi 9 ni yake.

Japani ni mfano ulio wazi. Mwisho wa Desemba 1989 fahirisi ya Nikkei ilifika 38,915. Aliyetazama nyuma miaka arobaini siku ile aliona kupanda kusiko na mfano, na wastani wake ulikuwa wa kutia wazimu. Fahirisi ile haikuirudia namba hiyo mpaka Februari 2024. Miaka 34! Nchi haikuvamiwa, na kampuni zake ziliendelea kuuza magari dunia nzima. Na Japani angalau soko lake liliendelea kuwepo. Masoko ya Urusi mwaka 1917 na ya China mwaka 1949 yalikufa na fedha za watu zikafa nayo. Ukisoma wastani wa "masoko ya dunia" uliza kama maiti hao wamo, kwani mara nyingi huhesabiwa waliobaki hai tu. Wanachuoni wetu wa hadithi hawakukubali mchezo huo. Adh-Dhahabi aliandika Mizanul Iitidal ili kuwataja wapokezi waliojeruhiwa, wasije wakasahauliwa tukabaki na majina mazuri peke yake. Kampuni zilizofilisika hazina Dhahabi wao.

Waislamu tumeingia katika mtego huu kwa mlango wetu wenyewe. Fahirisi ya Kiislamu ya Dow Jones ilianzishwa mwaka 1999, na nyingine zikafuata. Zinaondoa benki za kawaida na kampuni zenye madeni makubwa. Mwaka 2008 benki zilipoanguka, fahirisi hizi ziliumia kidogo kuliko zenzake, na tangu hapo limekuwa jambo la kawaida kuonyeshwa michoro kuwa uwekezaji wa halali "una faida kubwa zaidi". Lakini msiba wa mabenki ulitokea mara moja katika kipindi kilichopimwa. Kuufanya kuwa sehemu ya wastani wa kila mwaka ni kutarajia benki zianguke daima. Na tukizoea kuwaambia watu kuwa halali ina faida zaidi, tutawaambia nini mwaka ambao benki za riba zitapanda na kapu letu likabaki nyuma? Tunaepuka riba kwa kuwa imeharamishwa, na hukumu hiyo haisubiri mchoro.

Madhara ya namba kugeuka ahadi yalionekana Malaysia, katika Tabung Haji. Chombo hicho kilianza mwaka 1963 kutokana na waraka wa mchumi Ungku Aziz wa mwaka 1959, ili wakulima na wavuvi waweke akiba ya Hija bila riba, badala ya kuuza mashamba na ng'ombe wao. Ni miongoni mwa kazi njema kabisa za zama zetu, na mamilioni ya watu wameweka humo. Waweka akiba hupewa hiba kila mwaka, na kisheria hiba ni zawadi ya hiari. Lakini zawadi inayotoka kila mwaka kwa kiwango kinachokaribiana hugeuka kuwa tarajio, na tarajio hugeuka kuwa haki katika vichwa vya watu. Na kiongozi hapendi kuwa yeye ndiye aliyeipunguza. Kwa mwaka 2017 ilitangazwa hiba ya mwaka ya asilimia 4.5. Desemba 2018 serikali ililiambia bunge kuwa mwisho wa mwaka 2017 madeni ya mfuko yalikuwa ringgit bilioni 74.4 na mali zake bilioni 70.3. Viongozi wa zamani walibisha juu ya namna ya kuhesabu. Vyovyote iwavyo, serikali ilibidi iunde kampuni maalumu ya kuchukua mali za mfuko kwa ringgit bilioni 19.9, na hiba ya mwaka 2018 ikawa asilimia 1.25. Hakuna aliyekunywa pombe wala kula riba katika kisa hiki. Kilichokuwepo ni tarajio lililokuwa likilipwa kama kwamba ni mavuno.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi huniuliza, nalo ni la sukuk. Katika hati nyingi huandikwa kuwa faida ikizidi kiwango fulani, kinachozidi ni cha msimamizi, kwa jina la motisha. Je, yafaa? Mufti Taqi Usmani aliliandikia waraka mwaka 2007, na Februari 2008 baraza la sheria la AAOIFI lilitoa tamko lake juu ya sukuk, likikataza miongoni mwa mambo mengine ahadi ya msimamizi wa mudharaba kununua mali kwa thamani yake ya awali. Katika suala la motisha, Mufti alitofautisha jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Lau kiwango kile kingekuwa ni faida inayotarajiwa kwa kweli kutokana na mradi wenyewe, kumpa msimamizi kinachozidi kungekuwa na sura ya motisha, kwa kuwa amefanya bora kuliko ilivyodhaniwa. Lakini viwango vile havikutoka katika mradi. Vilifungwa na kiwango cha riba cha masoko, na wakati ule hicho kilikuwa ni LIBOR. Kiwango hicho kimeondolewa sokoni, cha dola kikiwa cha mwisho mwaka 2023, na vingine vya riba vimekaa mahali pake.

Kwa hiyo mwenye karatasi akija kwako, ewe imamu, na ukakuta humo neno "inayotarajiwa", muulize imetarajiwa kutokana na nini: pango la jengo gani, mauzo ya bidhaa gani, nani aliyekadiria, na analipwaje. Akikuonyesha jengo na wapangaji wake, kaa naye mzungumze. Akikuonyesha kiwango cha riba kilichoongezwa asilimia mbili, hapo hapana kharsi, kwani hakuna mti uliotazamwa. Wallahu aalam.